Mzee Huthibitisha Uhai Wake, Tume Je?

Yafuatayo ni maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano wa wazee na wanachama wa kampeni ya mageuzi. Tunayachapisha kama yalivyosemwa, isipokuwa mahali pachache tulipofupisha.

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi safu ya mbele, mama zetu, ndugu na dada:

Kila mzee aliyemo humu ambaye hupokea fedha za Inua Jamii anajua maana ya kuthibitisha uhai. Hutangaziwa siku, akajikongoja hadi kwa chifu akiwa na kitambulisho chake mkononi, ili Serikali iridhike kwamba hajafa na kwamba zile shilingi 2,000 za kila mwezi haziliwi na mtu mwingine. Hatupingi utaratibu huo. Mali ya umma ni lazima ilindwe. Lakini tunauliza: ikiwa bibi wa miaka 80 hutakiwa kuthibitisha kwamba yu hai kabla ya kupewa shilingi 2,000, mbona chombo kilichoundwa kumtetea, chenye makamishna, ofisi, magari na bajeti, hakina siku iliyoandikwa katika sheria ambayo ni lazima nacho kisimame mbele ya wananchi kithibitishe kuwa kingali hai?

Hilo ndilo jambo lililotuleta hapa leo. Tunataka Bunge liwe na desturi, tena desturi iliyofungwa kwa sheria, ya kuziita tume na bodi zinazohusika na wazee kila baada ya muda maalumu, lizipime, lisikie wanaohudumiwa, kisha liamue iwapo ziendelee zilivyo, zirekebishwe, ziunganishwe na nyingine au zifungwe.

Wako watakaosema kwamba hili si jambo la wapigania mageuzi, ni jambo la makarani na wahasibu. Tuwakumbushe tulikotoka. Kifungu cha 2A kilipoingizwa katika katiba mwaka wa 1982, nchi haikunyimwa vyama peke yake. Ilinyimwa haki ya kuuliza. Mashirika ya serikali yaliundwa, wakuu wake wakateuliwa na kufutwa kwa tangazo la redio la saa saba, na ripoti za hesabu zao zikajadiliwa Bungeni miaka mingi baada ya fedha zenyewe kutoweka. Kifungu hicho kilipofutwa Desemba 1991, tulichokirudisha hasa ni swali. Na tusisahau ni nani waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kuuliza. Mnamo Februari 1992, akina mama, baadhi yao wakiwa wakongwe, walikwenda kuketi Uhuru Park bila kula, wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe, na Profesa Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia, na baadhi ya mama hao wakavua nguo, wakiwalaani vijana waliotumwa kuwapiga. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba wazee wa nchi hii ni watu wa kuhudumiwa tu. Walikuwa mstari wa mbele, na leo wanauliza jambo dogo zaidi: je, aliyepewa kazi ya kuwaangalia anaifanya?

Wazo tunalolileta si geni duniani. Nchini Marekani, jimbo la Colorado lilipitisha mwaka wa 1976 sheria ambayo wenyewe waliipa jina la machweo, kwa maana kwamba kila chombo cha serikali kilichoguswa na sheria hiyo kilipangiwa siku ambayo jua lake lingetua. Siku hiyo ikifika na Bunge la jimbo halijapitisha sheria mpya ya kukirefushia maisha, chombo hicho hufa chenyewe. Hakuna anayehitaji kukiua. Tazameni jinsi mzigo ulivyohamishwa. Kwa kawaida anayetaka ofisi ifungwe ndiye hutakiwa atoe ushahidi, apate wabunge, apambane na wenye ofisi yao. Chini ya sheria ya machweo, mwenye ofisi ndiye hutakiwa aeleze kwa nini aendelee kulishwa. Katika miaka michache zaidi ya majimbo 30 yaliiga.

Texas ililitia wazo hilo katika sheria mwaka wa 1977, na inafaa tukae hapo kidogo, kwa kuwa huko ndiko lilikoota mizizi. Wana kamati ya kudumu ya watu 12: maseneta 5, wabunge 5, na raia 2 wasio wabunge. Kila chombo huja mbele yao kwa kawaida mara moja katika miaka 12. Chombo chenyewe huandika kwanza taarifa ya kujipima. Kisha wachunguzi wa kamati, walioajiriwa kwa kazi hiyo, huingia ofisini, husoma majalada, huzungumza na wafanyakazi na wanaohudumiwa, halafu huchapisha ripoti ambayo raia yeyote anaweza kuisoma. Baada ya ripoti huja kikao cha hadhara, ambapo wananchi husema yao. Mwisho wabunge huamua. Na ikitokea chombo kikafa, hakikatwi pumzi siku hiyo hiyo. Hupewa mwaka mmoja wa kukamilisha shughuli, kulipa madeni na kukabidhi majalada.

Sasa sikilizeni yaliyovipata vyombo vya wazee katika jimbo hilo. Mwaka wa 1965, mwaka ule ule ambao Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwahudumia wazee nchini kote, Texas iliunda kamati ya gavana ya kushughulikia wazee. Mwaka wa 1981 ikawa idara kamili. Mwaka wa 2003 Bunge la jimbo liliamua kupunguza utitiri wa idara za afya na ustawi, na mwaka wa 2004 idara ya wazee ikaunganishwa na huduma za walemavu kuwa chombo kimoja kikubwa. Chombo hicho kipya kilipofikiwa na zamu yake ya kupimwa, wachunguzi wa kamati ya machweo waliandika mwaka wa 2014, bila kumung'unya maneno, kwamba ni wachache tu miongoni mwa wenye vituo vya kulelea wazee na wagonjwa waliochukuliwa hatua walipovunja kanuni. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuunganisha kazi zake na za tume kuu ya afya, na tarehe 1 Septemba 2017 chombo hicho kikafungwa.

Huenda mzee mmoja hapa anauliza moyoni: basi, mnatuletea kisa cha ofisi ya wazee iliyokufa, mkitaka tushangilie? La hasha. Tunakileta kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ile ripoti. Mzee aliyelala kitandani katika kituo cha malezi hana nguvu za kwenda Bungeni kusema kwamba mwenye kituo alivunja kanuni na hakuguswa. Lakini siku ya kupimwa ilipofika, jambo hilo liliandikwa na wachunguzi wenye mamlaka ya kufungua majalada, likasomwa hadharani, na wakubwa wa chombo wakalazimika kulijibu. Bila tarehe iliyoandikwa katika sheria, nani angekwenda kulitafuta?

Sababu ya pili ni onyo. Ofisi ilikufa, lakini huduma hazikufa, zilihamishwa. Hata hivyo jina la wazee, lililokuwa mlangoni tangu 1965, lilianza kuchanganywa na majina mengine, kisha likatoweka ndani ya jumba kubwa. Pengine huduma ziliboreka, na pengine huko aliko afisa wa wazee sasa yuko ngazi nne chini ya mtu anayesikilizwa. Kipimo kinaweza kuwa dawa na kinaweza kuwa shoka. Vyombo vyenye marafiki matajiri, kama bodi za wataalamu na wafanyabiashara, huja kwenye siku ya machweo na mawakili na washawishi. Vyombo vya wanyonge huja na makaratasi tu. Na yako majimbo, North Carolina likiwa mojawapo, yaliyoiacha sheria hiyo baada ya miaka michache kwa kuona kwamba kazi ilikuwa nyingi na mavuno haba. Hatutaki kuwaficha hayo. Tukiliiga jambo, tuliige tukiwa tumefungua macho.

Turudi nyumbani.

Katiba ya 2010 ilifanya jambo ambalo katiba ya zamani haikuliota. Kifungu cha 57 kinaiagiza Serikali kuhakikisha kwamba wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanajiendeleza, wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanapata malezi na msaada wa kadiri kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Mzee, kwa mujibu wa katiba hiyo hiyo, ni mtu aliyetimiza miaka 60. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wa umri huo zaidi ya milioni 2.7. Na kwa sheria ya mwaka wa 2011 kazi ya kufuatilia haki zao ilikabidhiwa Tume ya Taifa ya Jinsia na Usawa, tume ambayo pia imebebeshwa mambo ya wanawake, vijana, watoto, watu wenye ulemavu na jamii zilizotengwa. Mzigo huo ni mkubwa, na hatukuja hapa kuibeza tume hiyo wala kudai kwamba imelala. Tumekuja kusema kwamba hatuna mahali pa kulijua hilo kwa yakini, na kwamba hilo lenyewe ni kasoro.

Msituambie kuhusu ripoti za mwaka. Kweli, kifungu cha 254 kinaitaka kila tume itoe ripoti kwa Rais na kwa Bunge kila mwaka wa fedha unapokwisha, na ripoti hiyo itangazwe. Ni kifungu kizuri. Lakini ripoti ya mwaka huandikwa na anayeripotiwa, naye huandika alichokifanya: semina ngapi, mafunzo mangapi, vitabu vingapi vilivyochapishwa. Haandiki ni mzee gani aliyebisha hodi akakosa mtu wa kumfungulia. Na ripoti ikishawekwa mezani Bungeni, ni mara ngapi tumesikia mjadala wa siku nzima juu yake?

Chukueni maswali mawili tu ambayo kikao cha kupima kingeuliza. Katiba inasema uzee unaanza miaka 60. Fedha za Inua Jamii, tangu mpango huo ulipopanuliwa mwaka wa 2018 kumfikia kila mzee asiye na pensheni, zilianzia miaka 70. Katikati kuna miaka 10. Kuli wa bandarini ambaye mgongo umemwisha akiwa na miaka 62, na ambaye hakuwa na mwajiri wa kumlipia akiba ya uzeeni, anaishije katika miaka hiyo 10? Nani alilichunguza pengo hilo, alishauri nini, na Wizara ilimjibu nini? Huenda majibu yapo kwenye kabati fulani. Siku ya kupimwa ndiyo siku ya kufungua kabati.

Swali la pili linatutia uchungu zaidi. Katika kaunti ya Kilifi, na huko Kisii pia, wazee wameuawa kwa miaka mingi wakisingiziwa uchawi. Mvi zimekuwa hukumu. Mara nyingi chini ya tuhuma hizo pana shamba: kijana anataka kuuza, mzee hataki, na ghafla mzee huyo anakuwa mchawi. Huko Ganze, mahali paitwapo Kaya Godoma, pamekuwa kimbilio la wazee waliohama nyumba zao wenyewe usiku kwa kuhofia panga za jamaa zao. Fikirini maneno hayo: nchi yenye kifungu cha 57, na mzee anakimbia mji aliouzalia watoto wake. Tume ikija mbele ya Bunge baada ya miaka kadhaa, swali la kwanza lisiwe imefanya semina ngapi. Liwe hili: katika muda huo, je, mzee wa Ganze analala usingizi ulio salama zaidi kuliko alivyolala mlipoanza? Kama sivyo, mlikwama wapi? Mliomba fedha mkanyimwa? Mliandikia polisi wakanyamaza? Jibu linaweza kuwa kwamba lawama si ya tume hata kidogo, bali ya Bunge lenyewe lililoipa tume kazi ya ndovu na chakula cha sungura. Hilo nalo lijulikane.

Tunajua pingamizi litakalokuja, nalo ni zito. Katiba inazilinda tume. Inasema ziko huru na hazipokei amri za mtu. Wabunge wakipewa mamlaka ya kuzipima, si watazitumia siku hizo kulipiza kisasi kwa tume iliyowaudhi? Tuliokula chumvi ya siasa za nchi hii hatuwezi kuicheka hofu hiyo. Ndiyo maana tunasisitiza tarehe. Kisasi hupenda kuchagua siku yake. Kipimo ambacho siku yake imewekwa na sheria miaka mingi kabla, na maswali yake yameandikwa katika sheria hiyo hiyo, ni vigumu kugeuzwa fimbo ya mtu aliyekasirika jana. Isitoshe, tume iliyopewa hadhi na katiba haiwezi kufutwa kwa sheria ya kawaida kama kibanda cha soko. Kwa tume ya aina hiyo, tunachotaka ni kupimwa na kurekebishwa, wala hatusemi ife. Machweo yenyewe, yaani kufa kwa siku iliyopangwa, tunayataka kwa kamati, bodi na mabaraza yanayoundwa na sheria za kawaida au kwa tangazo la waziri, ambayo huzaliwa kwa sherehe na kisha hukaa miaka bila mtu kukumbuka yaliundiwa nini.

Na msidhani kwamba Kenya haijawahi kuyaona machweo. Tume ya Utekelezaji wa Katiba ilizaliwa na siku yake ya kufa mkononi: miaka 5, isipokuwa Bunge la Taifa liamue kuirefushia maisha. Siku ilipofika mwishoni mwa 2015, ilifunga milango. Sheria ya mwaka wa 2013 kuhusu kanuni zinazotungwa na mawaziri nayo inasema kwamba kanuni hukoma yenyewe baada ya miaka 10, ila ikirefushwa kwa muda mfupi au kuondolewa katika sharti hilo kwa utaratibu uliowekwa. Hata kamishna mmoja mmoja ana machweo yake, kwa maana katiba inampa miaka 6 na haimruhusu kurudi. Mbunge naye ana yake kila miaka 5, tunayemwona anavyotokwa jasho yakikaribia. Basi kanuni ina siku, kamishna ana siku, mbunge ana siku. Iweje ofisi peke yake iishi kama Mwaka Kogwa, inayorudi kila mwaka bila kuulizwa?

Jambo moja tunaliweka kando kabisa, na atakayelichanganya atakuwa anatudanganya. Chombo kinaweza kupangiwa siku ya mwisho, haki haiwezi. Shilingi 2,000 za mzee, matibabu yake, usalama wake na heshima yake havina machweo. Sheria yoyote tutakayoiunga mkono ni lazima iseme kwamba bodi ikifungwa, siku ile ile ajulikane nani anazishika kazi zake, na kwamba hakuna malipo ya mzee yatakayosimama kwa sababu maafisa wanakabidhiana funguo. Tumeona mara nyingi malipo yakichelewa hata pale ambapo hakuna kilichofungwa.

Ama kuhusu kikao chenyewe, tunapendekeza yafuatayo, tukiwa tayari kusahihishwa. Kipindi kisizidi miaka 6, ili makamishna walioshika kazi wapimwe kabla ya kuondoka, si baada ya kwenda zao. Kamati ya kupima iundwe na wabunge wa pande zote, na Seneti isiachwe nje, maana huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa kaunti. Wazee wasio wabunge wawemo ndani ya kamati hiyo kwa haki ya kupiga kura, nasi hatutaki wawe wazee wale wale wa kuteuliwa kila mara kwa kuwa wana kofia nzuri. Vikao vifanyike mashinani na kwa Kiswahili na lugha za mahali, kwa sababu mzee wa Turkana hawezi kupanda basi siku mbili ili aje asikilizwe kwa dakika tatu katika hoteli ya Nairobi. Ripoti ya wachunguzi itangulie kikao kwa muda wa kutosha, nayo isomwe redioni.

Njia ya kulifikisha jambo hili ipo. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, likiwemo ombi la kutunga au kurekebisha sheria. Ombi letu liko pale mezani, kwa Kiswahili, katika kurasa mbili. Tunawaomba mlisomewe kwanza, na mkiona neno lisilofaa mseme likatwe kabla mtu yeyote hajatia sahihi. Asiyeweza kuandika ataweka alama yake mbele ya shahidi, kama sheria inavyoruhusu. Wazee walioketi mbele waanze, na vijana wawapishe njia.